Keria Tupu

Kila Jumapili, jua halijaota meno,
naitoa Swala yangu nyeusi uani.
Mke wangu anausikia mnyororo toka jikoni:
"Leo unampelekea nani?"
"Simpelekei mtu."
Ananyamaza. Kijiko kinaendelea kukoroga.

Miaka ishirini na sita keria hii ilibeba mikate:
kasha la mbao, kifuniko cha bati, kamba nne za tyubu.
Ngamiani hadi Pongwe, ukingoni mwa lami,
malori ya simenti yakinipulizia shati.
Mgongo wangu ulikuwa na macho;
mkate mmoja ukihama upande, ulijua.
Sasa kuku wanatagia ndani ya kasha,
na mikate inakwenda kwa pikipiki.

Shemeji yangu Kihiyo hunisubiri penye mzani mbovu wa katani.
Yake ni ya mtumba, imetoka ng'ambo,
tairi nene zenye meno kama gunzi la mahindi,
gia ishirini na moja, anazozijua tatu.
"Hii imeumbiwa milima," husema,
akiitazama Usambara kule mbali, rangi ya moshi.
"Iko siku, shemeji, hadi Amani."
"Inshallah," nasema,
nashika njia ya kushoto, ile isiyopanda.

Njia yetu ni pole.
Matrekta ya shamba yaliichora yakaisahau,
nyasi zikaota katikati:
yeye mfuo wa kulia, mimi wa kushoto,
mkonge huku, mkonge kule, hadi macho yachoke.
Inashuka kidogo, unaacha kupiga pedeli,
gurudumu linajisemea lenyewe.
Inapanda kidogo, kama mtu anayeinua nyusi;
paja halijapata la kulalamika, imekwisha.
Kwale wanavuka. Tunawapisha.

Mwanzoni niliona haya.
Kwetu baiskeli ni punda, na punda hatoki bure.
Kila kishimo moyo uliruka: mikate!
Keria ikajibu kwa sauti nyembamba,
nge, nge, nge,
chuma kisicho na kitu.

Wanawake wa kuni walitukagua nyuma.
"Mmeshauza?"
"Hatuuzi."
"Mmefiwa?"
"Hapana, mama."
"Sasa mnakwenda wapi?"
Kihiyo akafunga breki ili ajibu kwa heshima.
Akatazama mbele, akatazama nyuma.
"Tunakwenda," alisema, "halafu tunarudi."
Wakacheka hadi ukuni mmoja ukaanguka.
Nikashuka nikauokota.

Jumapili iliyopita ncha ya mkonge
iliingia kwenye ile tairi nene.
Meno yote yale.
Nikapiga msasa, nikapaka gundi,
tukakaa majanini kungoja ikauke.
Sikumbuki lini nilingoja kitu
pasipo mteja kuningoja mimi.
Ndipo Kihiyo, akichokonoa udongo kwa kijiti:
"Dada yangu alikuwa mkali wa baiskeli, unajua?
Muheza, kabla hujamwoa.
Mteremko wa kanisani, mikono kaachia."

Sikujua.
Miaka thelathini na moja, watoto wanne,
na sikujua.
Nikabandika kiraka, nikakibonyeza kwa dole gumba,
muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

Leo nimefunga mto kwenye keria,
ule wa maua, kwa kamba zilezile za mikate.
Nimeiegemeza Swala ukutani, nimekohoa.
Ametoka na mikono ya unga.
Ameutazama mto, amenitazama mimi,
amecheka kicheko ambacho sijakisikia.
"Huo wako," amesema,
amekaza kanga kiunoni, ameshika usukani.

Kihiyo yuko mbele, hageuki, mabega yanamtikisika.
Wanawake wa kuni leo hawana swali.
Mimi niko nyuma, miguu inaning'inia,
unga umenitia alama begani,
na kila kishimo nahama upande kidogo,
naye, bila kugeuka,
anajua.