Nyuzi Mia Saba na Ishirini

Mji wetu unaitwa Moshi, na sisi wa Pasua
tulilitii jina hilo neno kwa neno.
Miaka kumi na mmoja nilimimina oili chafu ya gereji
kwenye tundu la tanuri, kopo kwa kopo,
hata anga la karakana likawa kama tako la chungu cha kande.
Nyuma yake kulikuwa na mlima. Wageni walituambia.

Eliaranya hakuhitaji kipimo.
Alirusha kipande cha mfuko wa saruji juu ya uji wa alumini:
kikiungua taratibu, bado;
kikitoweka kama ahadi, mimina.
Mara nyingine kilitoweka mapema mno,
na nusu ya pistoni, nusu ya fremu za madirisha,
zikawa povu la kijivu la kumwaga mtaroni.
Katika kila sufuria tano, moja ilivuja.
Hizo tuliwauzia wafuga kuku.

Kisha akaja Mkunde, binti wa dada yake, kutoka chuo cha ufundi,
na sanduku la matofali meupe,
nyaya zilizojisokota kama nywele zangu,
na kijidirisha cha tarakimu nyekundu.
"Mjomba, hili halili oili. Linakula umeme wa Nyumba ya Mungu."
"Basi," akasema mjomba, "tutaandaa sadaka."

Usiku huo tarakimu zilipanda.
Mia tatu. Mia tano. Mia sita na sitini,
vikopo vya soda vikalegea magoti, kimya.
Kimya ndicho kilichonitisha.
Bila ngurumo ya moto nilisikia bomba likidondoka,
nikasikia, mara ya kwanza, filimbi
ndani ya kifua cha Eliaranya.

Saa tisa, uniti zikaisha.
Luku ililia, ikalia, giza.
Kilo arobaini zikaganda chunguni
kama uji wa mgonjwa aliyegeukia ukutani.
Eliaranya alicheka mpaka akashika nguzo.
Mkunde alilia.
Mimi nilitoa pesa ya kikoba kwenye simu,
tarakimu ishirini, nikizibonyeza moja moja
kwa kidole kilichoungua zamani.

Kabla ya adhana ikayeyuka tena, bila kinyongo.
"Alumini haizeeki," Mkunde akasema,
"iyeyushe mara mia, ni ileile."
Eliaranya akapapasa kifua. Hakujibu.
Mia saba na ishirini. Tukamimina.

Sufuria kumi na mbili.
Akazigonga kwa kifundo cha kidole, sikio karibu.
Ya tisa akairudia, akaigeuza, akaigonga tena.
"Na hii nzima," akasema,
kama mtu anayelalamika.

Saa mbili Mama Anaeli akatoka na beseni.
Miaka yote hiyo alianika nguo chumbani.
Akatutazama sisi, akatazama juu,
akatutazama tena.
Akaanika shuka moja tu, jeupe,
na ncha yake moja
hakuiachia bado.