Washa Iliyobaki

Jumamosi nilitandika gunia uani
nikaifumua pikipiki kama kuku wa sikukuu:
gurudumu la nyuma pembeni, cheni imelazwa kwenye petroli,
bolti na nati ndani ya kisosi cha Kageha,
kile chenye ua la buluu, kisichotolewa kwa mgeni wa kawaida.
Odanga, fundi wa Chavakali, alitaka mia nane.
Nikasema, kwani mikono yangu ina kasoro gani?

Jioni nikamaliza. Ikawaka kwa teke la kwanza.
Nikajipongeza kwa chai.
Kisosini ilibaki washa moja,
nyembamba, nyeusi, imekaa katikati ya ua
kama mgeni asiyejua amekuja kwa nani.
Nikaitazama.
Nikaitia mfukoni, nikaosha kisosi mwenyewe.

Jumatatu, kwenye mteremko wa kuelekea Mudete, ikaanza.
Si kelele ya kutisha. Kwi. Kimya. Kwi-kwi. Kimya.
Kifaranga aliyefungiwa kabatini.
Nikazima injini, nikateremka kwa uzito wangu tu: kwi.
Basi si injini.
Nikakanyaga breki: kwi.
Basi si breki.
Nikainama hadi helmeti ikagonga tangi,
na mama mmoja mwenye kikapu cha mrenda
akaniuliza kama nina tumbo la kuendesha.

Wiki nzima nilizunguka nayo.
Nilikaza spoki, nikatikisa ekzosi, nikafunga madigadi kwa mpira,
nikamimina oili mpaka cheni ikanirushia madoa mgongoni
na Kageha, akifua, akauliza
shati limeugua tetekuwanga lini.

Ajabu yake ni hii: abiria akipanda, inanyamaza.
Akipanda mwalimu Kisanya na madaftari ya darasa zima, kimya.
Akipanda mama wa duka la nguo na marobota yake,
kimya kama kanisa siku ya Jumanne.
Akishuka, akilipa, akigeuka tu:
kwi.

Nikameza aibu, nikaenda kwa Odanga.
Akapanda nyuma, kilo tisini za ufundi,
akatega sikio mpaka darajani na kurudi.
"Hakuna kelele," akasema. "Debe shinda ndilo hutika,
na hapa debe si pikipiki."
Akatoza hamsini ya kusikiliza.

Nilirudi nyumbani peke yangu. Ililia njia nzima.

Alhamisi Vugutsa alichelewa shule.
Ana miaka saba. Alipopanda, hata shokamzoba hazikuhisi.
Tulipopita mashamba ya chai:
"Baba, kuna kitu kinakwaruza."
"Unakisikia?" Sauti yangu ilinitoka kama ya mtu aliyeokolewa.
"Kiko huku chini, kushoto, karibu na kiatu changu."

Nikapiga magoti barabarani.
Kava ya cheni, upande wa ndani:
mchirizi mpya wa chuma uking'aa, mwembamba kama ukucha,
pale cheni ilipokuwa ikipita na kuomba nafasi.
Mtu mzito akiketi, nyuma inashuka, nafasi inapatikana.
Nikiwa peke yangu, haipatikani.
Unene wa washa moja.

Ilikuwa bado mfukoni, suruali ile ile,
pamoja na sarafu ya shilingi tano na punje ya mahindi.
Vugutsa akaishika kiganjani nikilegeza bolti.
"Hii ilitoka wapi?"
Ng'ambo ya bonde kengele ya shule ilipigwa.
Nilikuwa na majibu matatu, mawili ya uongo.
"Ilibaki."
"Ukaiona?"
"Nikaiona."
Akaipangusa kwenye sketi ya shule,
akanipa, bila neno, kama mama yake.

Tulifika wenzake wakiwa wameshaimba na kuketi.

Kurudi, nilitega sikio mteremko mzima.
Upepo. Tairi. Mbwa wa watu.
Halafu, kwenye kona ya kinu cha posho,
mbele, karibu na usukani:
tik.

Huko mbele sikugusa. Naapa.