Kamba ya Polisi

Alfajiri umeshawazunguka ng'ombe mara tatu,
Polisi, ulimi nje kama utepe wa fundi cherehani.
Njoo. Nipe mguu.
Mwiba wa mgunga (usining'ate, mimi si fisi)
umetoka. Sasa sikio: kupe wanne,
mmoja kanona kama kunde iliyorowekwa.
Daktari Tibenderana alipokuchoma sindano ya kichaa
ulimtazama kama mtu unayemdai.

Haya, posho na dagaa. Kula polepole,
hakuna anayekufukuza.

Adhuhuri nitakufunga kivulini.
Utalia, utakwaruza udongo, utanitukana kwa Kimbwa.
Tukana.
Ng'ombe wa Nyabushozi hawapotei kwa saa moja.
Rukara, aliyekutangulia, sikumfunga;
akakimbia kiangazi kizima hadi moyo ukamwacha njiani.

Kamba ilikuwepo.
Ndiyo hii.