Bahasha Nyepesi

Jumanne waliniuliza maswali kumi na moja
katika chumba cha ushirika, pale Mbale,
chumba kinachonuka magunia na kahawa mbichi.
Walinipa vikombe vitano: onja, tema, sema.
Cha tatu nikasema, hii ilianikwa chini, juu ya udongo,
na mvua ikaikuta.
Bi Nasike akaandika kitu. Bwana Wepukhulu akaangalia saa.
Wa tatu hakutamka neno mwanzo hadi mwisho;
nilipopaliwa alinisogezea glasi ya maji
kwa kidole kimoja,
bila kuinua macho.

Jumatano usiku, karatasi ya mistari, kalamu ya buluu.
Dada yangu Mutonyi anasema usiandike,
utaonekana unaomba.
Shemeji anasema andika, ila upesi,
shukrani iliyolala ni kiporo,
na usivuke nusu ukurasa,
mtu hapigi magoti kwa kalamu.
Mama, kutoka jikoni: mnajadili nini?
Nchi hii mtu hushukuriwa kwa kulima shamba lake mwenyewe,
kwa kurudi nyumbani, kwa kupona homa,
webale, webale,
hata kwa kupendeza siku ya harusi ya mwenzake.
Leo mnatafuta kanuni?

Nikaandika "Waheshimiwa". Nikakata.
Nikaandika "kwa nafasi mliyonipa",
nikaliona neno nafasi limekaa kama mgeni
aliyekwisha kujitandikia kitanda.
Nikakata.
"Natumaini." Nikakata pia;
tumaini huja na kiganja wazi.
Umeme ukaondoka, nikawasha tochi ya simu,
na katika duara lile dogo la mwanga
hapakuwa na mahali pa maneno makubwa:

Bi Nasike, asante kwa kuniuliza "umejuaje?"
baada ya kuniuliza "ni ipi?"
Bwana Wepukhulu, asante kwa subira,
nilikawia kikombe cha tano na benchini kulikuwa na watu tisa,
mmoja na mtoto mgongoni.
Na wewe ambaye sikuambiwa jina,
asante kwa maji.
Khainza.

Alhamisi langoni, Wandeba mlinzi
aliipokea bahasha kwa mikono miwili, kisha kwa vidole viwili.
Akaibonyeza kona hadi kona
kama mnunuzi anayesaka punje mbovu ndani ya gunia.
Akaiinua juani.
Nyuma yake Wanale ulikuwa umejifunika ukungu hadi kifuani.

Humu hamna kitu.
Mna asante.
Asante na nini?
Asante.
Peke yake?
Peke yake.

Wengine, akasema, huleta nzito kuliko hii.
Najua.
Na wengine hupata.
Najua, mzee.

Kazi ilikwenda kwa kijana wa Sironko.
Nilisikia wiki ya tatu, nikichambua maharage,
na sitadanganya, niliyachambua vibaya siku ile,
tukala mawe.
Sijui kama barua ilisomwa.
Sijui yule bwana wa maji alikuwa nani,
mkaguzi, dereva,
au mtu aliyeingia kukimbia jua akakuta kiti.

Ila najua kwamba ilifika.
Nilisimama pale langoni nikaona kwa macho yangu
Wandeba akifungua daftari lake lenye jalada jeusi,
akipiga mistari kwa ukingo wa kitambulisho chake,
akilamba ncha ya kalamu ingawa haikuwa penseli.
Saa: tatu na dakika kumi.
Kutoka kwa: Khainza.
Kitu kilicholetwa: hapo alisita,
akaitazama tena bahasha, akanitazama mimi,
akaandika polepole, herufi kwa herufi,
asante.
Kisha safu ya mwisho, ya idadi.
Moja.