Pima Saba

Mistari sita. Nimeihesabu kwa ukucha,
juzuu la ishirini na mbili, safu ya kulia,
kati ya farasi wafupi wa Shetland na ngao za kale:
"Sheweni. Kisiwa kidogo cha joto. Minazi.
Wakazi wa kudumu: hakuna. Maji ya kunywa: hakuna."

Hiyo hakuna nimeinywa miaka kumi na mitatu.
Nimeiogea. Nimejitwika kichwani
ikanimwagikia shingoni, nikachapwa kwa kuipoteza.

Alhamisi, maktaba ya Dundee, ghorofa ya pili,
mvua inapangusa madirisha kama kibarua asiyelipwa.
Morag Geddes anakarabati kitabu kwa toleo jipya,
penseli sikioni, chai yake imefanya utando.
Si mtu mbaya. Alinivutia kiti.
"Kisima kipo," nikamwambia.
"Kina chake?"
Pima saba.
Akafunua jedwali: pima moja, mita moja nukta nane tatu.
Akazidisha. Akaandika kumi na mbili nukta nane.

La. Hiyo ni pima ya manowari,
ya wanaume wenye mabega kama milango.
Kamba yetu aliipima mama,
na mama alikuwa mfupi:
alifungua mikono, kidole cha huku hata kidole cha kule,
kamba ikimpita kifuani, moja,
akasogeza, mbili,
na usimsemeshe, ataanza upya.

"Mikono yake ilikuwa na urefu gani?"
Aliuliza kama karani anavyouliza mwaka wa kuzaliwa.
Blauzi za mama zilinikaa alipofariki.
Sikupunguza, sikuongeza, hata kwapani.
Basi nikasimama kati ya ramani na magazeti,
nikavua koti, nikafungua mikono.
Morag akatoa utepe mkobani (kumbe hushona mapazia),
akaanza na kidole changu cha kushoto.
Bwana mmoja aliyekuwa akisoma matokeo ya mbio za farasi
akakunja gazeti lake, atupishe.

Mita moja, nukta tano sita.
Mara saba: kumi na moja kasoro kidogo.
Akafuta. Akaandika.

Usiku nikampigia dada yangu simu.
Jina lake Mkasi, na hukata.
"Saba? Nani kakwambia saba? Tisa!
Mimi ndiye niliyevuta, wewe ulikuwa unaimba."
Tukagombana dakika arubaini
kwa maji ambayo hakuna kati yetu aliyeyaonja tena.
Akanikata na mengine:
nyumba zilikuwa kumi na nne, si ishirini;
mkungu niliousifu haukuwa wetu;
na kile kiangazi kikali, mwenzangu,
wewe hukuwepo.

Hapo nikanyamaza.
Saba ya masika. Tisa ya kiangazi.
Niliondoka na masika yangu mfukoni
nikidhani ndio mwaka mzima.

Alhamisi iliyofuata nikafuta sentensi zangu kumi na moja.
Morag akasema nyingine ni nzuri, aziache.
Nikamwambia uzuri haushuhudii kitu.
Wakazi: hakuna. Hilo sikulipinga,
Mkasi ndiye aliyetia kufuli la mwisho.
Nazi zibaki, nazi hazina kosa.
Tukaongeza mstari mmoja tu, wa saba:
"Kisima kimoja; kamba ya mita kumi na moja hadi kumi na nne,
kufuatana na msimu."
Na chini kabisa, kwa herufi za sisimizi:
kipimo cha mikono.

Kituo cha basi la Lochee, barabara inameta,
nikampigia picha ukurasa, nikamtumia.
Basi la kwanza likapita. La pili likapita.
Kisha simu ikatetemeka:

Umesahau fundo.
Kamba ilikatika mwaka wa surua, tukaiunga.
Mwambie huyo mama
atoe shubiri moja.