Bado

Tulimwita Mihayo. Kwa Kinyamwezi ni maneno.
Alipofika miaka sita bila hata moja
majirani wa Isevya waliacha kulicheka jina,
wakaanza kuliogopa.

"Hajakaa bado?" Bado.
"Hajasema bado?" Bado.
Neno hilo lilisimama mlangoni kwetu kama mdai,
asubuhi lipo, jioni lipo.

Mimi ni seremala. Nimepima milango ya mji huu,
madawati, majeneza, mizinga ya nyuki ya watu wa Sikonge,
mwanangu sikuwahi kumpima.
Mwalimu Nyanzala ndiye aliyenitia haya:
alichora kiti nyuma ya daftari la mahudhurio,
akasema, "Nataka kisigino hadi goti, goti hadi nyonga,
na usikisie, Baba Mihayo. Leta futi."

Nikapiga magoti kwenye sakafu ya kitengo.
Kisigino hadi goti, sentimita ishirini na sita.
Mguu wa kushoto ukakaza kama kamba ya kisima,
nikasubiri ulegee
kama nilivyoonyeshwa: kiganja kizima, si vidole.
Ilikuwa mara ya kwanza kuushika mguu ule
bila kuuomba samahani.

Kiti ni cha mninga.
Mkanda ni mpira wa ndani wa baiskeli,
nimeuvika kipande cha khanga ya mama yake,
sehemu isiyo na maandishi.

Darasa lile, hesabu na viungo havitengani.
Kapela anajumlisha kwa vibanio vya nguo kwenye kamba,
tatu, nne, na kidole gumba kinajifunza kazi yake
bila kujua kwamba kinatibiwa.
Sizya hapendi kuguswa; anachimbua herufi
kwenye beseni la karanga. Nilizichonga mimi.
Ukutani, kati ya Kusoma na Hesabu, ratiba imeandikwa:
Kunyoosha. Kugeuka. Kumeza.
Sijawahi kuona shule nyingine yenye somo la kumeza.

Mihayo alipewa asali.
Si ya kushiba. Tone, pembeni mwa mdomo, kushoto,
ulimi uitafute.
Ulimi ukakaa kama mgeni asiyejua choo kiko wapi.
Wiki ya tatu ukachungulia.
Mvua za Machi zikapiga bati, ukafika kulia.
Kisha mdomo wa juu, ili midomo ijue kufumba,
maana isipokutana, anasema Mwalimu,
hakuna ba, hakuna ma.
Basi ndiyo maana, nikawaza,
wazazi tumefungiwa nje miaka yote hii.

Nitasema kweli: nilikuwa nangoja "baba".
Kila saa nne nilipita na kisingizio,
skrubu ya kiti imelegea. Naikaza,
nailegeza, naikaza.

Jumatano moja asali ilibaki kidogo chini ya chupa.
Mwalimu akafunga kifuniko:
"Tumemaliza, Mihayo. Kesho."
Kichwa kikanyanyuka kutoka kwenye mto,
polepole, kama ndoo inayovutwa na mtoto.
Midomo ikakutana. Ikaachana.
"Ba,"
nikasimama, bisibisi mkononi,
"...do."

Mwalimu hakupiga makofi.
Alifungua chupa.

Jioni Bi Kalunde akachungulia uani kama kawaida yake:
"Hajasema bado?"
"Amesema."
"Ee! Amesema nini?"
"Bado."
Akanitazama kwa huruma, akanipa pole,
akaenda zake.