Kokwa Juu ya Shuka

Mhandisi wa baladia alikuja na ramani ndani ya bomba,
akaichomoa kama upanga wa kukodi.
Barabara ilikuwa mstari mwekundu:
ilipita juu ya tanuri la Dur Bibi,
ikaukata uga wa kuanikia dagaa,
ikaingia baharini bila kuaga.
Tulimpa halua. Tulimpa kahawa mpaka akatikisa kikombe.
Akasema, "Kama mna maoni, andikeni."

Baada ya Isha tukakusanyika sablani,
kiyoyozi kikidondosha maji ndooni, to, to,
Bi Ghaniya akaja na shuka la kitanda chake,
jeupe, lina alama ya pasi pembeni,
akalitandaza sakafuni, akasema
kwa Kiswahili kile alichotoka nacho Chake Chake
na forodhani hawakukiona:
"Haya. Mji huu hapa. Pangeni."
Kisha akasema kwa Kiarabu, kwa ajili ya akina Murad,
akamwaga kokwa za tende, kila nyumba kokwa yake.

Arubaini na tatu.
Kikombe kilichofudikizwa, msikiti.
Kamba ya kiatu cha Hilal, wadi.

"Wadi haipiti hapo," wakasema wanawake.
"Kwenye ramani inapita hapo."
"Hiyo ramani ililala juu ya paa na sisi
mwaka wa kimbunga? Ilishika mbuzi?"

Kamba ikasogezwa.

Muhanna alitaka njia ya pikapu yake kuvutia boti.
Dur Bibi akamwambia, "Pikapu ina magurudumu, izunguke.
Dagaa wangu hawana miguu."
Vijana walitaka uwanja wenye taa,
wakapunguziwa uwanja, wakabakiwa na taa.
Thuraya, wa darasa la sita, alitaka kivuli
kutoka shule hadi kwao, na mita hakuzijua:
"Ndala zangu zinaanza kunata hapa," akaweka kidole,
"na hapa ndipo ninapolia."
Hakuna aliyecheka. Tukapanda vijiti vya meno, miti kumi na mmoja.

Shafiqul, aliyekuwa akipitisha kahawa,
akaweka birika chini, akapiga magoti.
"Bomba la maji liko huku," akasema. "Nilichimba mimi."
Akalichora kwa kucha, kona zote, hata ile iliyokosewa.
Bi Ghaniya akampa kokwa.
Akauliza aiweke wapi.
Tukatazama kiyoyozi.
Akaiweka mwenyewe, nyuma ya duka,
kwenye chumba kisicho na namba.

Sasa nieleze langu.
Kamba iliposogezwa ilikuja kulala juu ya kokwa yangu.
Kiwanja cha kura, nilikingoja miaka tisa,
msingi nimeshamwaga, nondo zimesimama.
Watu wa mji mdogo wana adabu mbaya:
siku unayotaka wakuseme, hawakusemi.
Nikaiokota, bado ina utamu kidogo, inanata.
Nikaitia mfukoni.
Usiku mke wangu akaikuta akifua kanzu,
akaiweka dirishani, hakuniuliza.
Wiki nzima shukani kulikuwa na nyumba arubaini na mbili
na kila aliyehesabu alihesabu tena.
Alhamisi nikairudisha: juu, nyuma ya shule,
mahali ambapo bahari huioni, unaisikia tu
pepo zikitaka.

Mhandisi akarudi. Akavua viatu, akazunguka shuka
akilipiga picha kwa simu, kimya, kama yuko makumbushoni.
"Na hili bwawa?"
Lilikuwa doa. Hilal alimwaga kahawa usiku wa pili.
Tukatazamana.
"Bustani," akasema Bi Ghaniya, wala hakupepesa jicho.

Basi imo, kwenye waraka wenye muhuri:
duara la kahawia, limepinda upande mmoja,
bustani ya watu wote. Nani ataimwagilia
hatujakubaliana mpaka leo.

Shuka limefuliwa, doa halikutoka.
Msingi wangu bado uko wadini.
Vijana wameufanya goli.